Mwenyekiti Aliyengoja Lakini

Nchi ya Salama ipo, tena ipo sana, wala msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mchora ramani mmoja alipita huko zamani, akauliza habari za mipaka, akajibiwa "Salama," akafunga mkoba wake akaenda zake ameridhika. Ndiyo sababu haikuchorwa. Sisemi kwamba mnaijua. Nasema tu kwamba mkiona humu mambo yanayofanana na ya kwenu, hayo ni yenu wenyewe, msije mkaniingiza mimi matatani.

Watu wa Salama wamelelewa wakaleleka. Ukimwuliza mtu habari za nyumbani, kwanza atakwambia nzuri, salama, hakuna neno. Kisha atavuta pumzi, ndipo aseme lakini. Lakini nyumba imeungua. Lakini mzee tulimzika juzi. Hiyo ndiyo adabu yao, kwamba mtu humtwishi msiba kabla hajaketi. Kila mmoja huko anajua kwamba habari yenyewe inakuja baada ya lakini, na msikilizaji mwenye haya husubiri.

Kila mmoja anajua, isipokuwa serikali. Serikali ya Salama ina shughuli nyingi, haiwezi kukaa inasubiri pumzi za watu. Kanuni yake ya uangalizi inasema kwamba neno la kwanza la mwananchi ndilo taarifa, na yanayofuata ni maongezi.

Sasa katika wilaya moja ya nchi hiyo, iitwayo Kitulizo, mwenyekiti wa Kamati ya Uangalizi wa Huduma za Afya alikuwa Mheshimiwa Sudi Mang'ola. Hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema mapema kwa sababu mtamkasirikia. Alikuwa mtu wa utaratibu tu. Kabla yake kamati zilipata tabu kweli kweli: mwananchi anasema salama, karani anaandika, mara mwananchi yule yule anaendelea, lakini hivi, lakini vile, mpaka chai ya wajumbe inapoa na sambusa zinalegea. Sudi ndiye aliyeleta kengele. Kengele ndogo ya shaba, ya mezani. Mtu akitamka salama tu, ting, asante sana, mwingine apite.

Ugunduzi huo ulisifiwa mpaka makao makuu. Wilaya zote zikaagiza kengele, kila ofisi ikapata ya kwake, na Sudi akavishwa nishani yenye picha ya sikio. Aliivaa hata akienda sokoni kununua nyanya.

Kituo cha Afya cha Kitulizo kilikuwa na vitu viwili vya kujivunia. Cha kwanza ni mashine ya kupimia saratani ya matiti. Ililetwa kama zawadi na watu wa nje wasioujua utaratibu, ambao walidhani itatumika. Siku ya kwanza kamati ilipoikagua, Sudi aliisifu kwamba inang'aa, na wajumbe wakakipa kituo alama zote za usafi. Daktari Lugendo, mganga mkuu wa kituo, hakuwa mjinga. Aliona wazi kwamba mashine ikiguswa itashika alama za vidole, na alama za vidole hupunguza alama za kamati. Basi haikuvuliwa nailoni iliyokuja nayo. Kwenye soketi ya ukutani iliyokuwa yake akachomeka friji ya soda za wageni.

Cha pili ni Chumba cha Faraja, cha watu wenye mioyo mizito. Mshauri wake, Bi Koleta, alisomea kazi hiyo miaka mingi na hakuwahi kumpata mteja hata wa dawa. Mtu akiingia, anaulizwa habari za moyo, anasema salama, lakini, ting, na aliye salama hana shida ya faraja. Chumba kikawa cha kuwekea mahema na viti vya plastiki vya kamati. Bi Koleta, ili asionekane amekaa bure, alikuwa anafuma vitambaa vya kuifunika ile mashine juu ya nailoni yake.

Kwenye ukuta wa nje mwanzilishi mmoja alikuwa ameandika kwa rangi kubwa ile methali ya mficha maradhi kilio humuumbua. Kamati haikuifuta, maana ni mila. Waliweka tu picha yao ya pamoja juu ya kilio humuumbua, yakabaki maneno mawili, MFICHA MARADHI, na chini yake wajumbe wanatabasamu.

Na wilaya ikang'ara. Saratani hakuna, huzuni hakuna. Kila mwaka Kombe la Wilaya Isiyougua lilikwenda Kitulizo, na kila mwaka Sudi alisimama kwenye jukwaa akaeleza siri ya mafanikio. "Ndugu wananchi," alikuwa akisema, "saratani ni ugonjwa wa wilaya zinazojitafutia. Sisi hatutafuti." Makofi yake yalisikika mpaka mnadani.

Hayo yalikuwa mambo ya nje. Ya ndani yalianza siku moja ya ukaguzi, mwaka mmoja kabla ya haya ninayotaka kuwasimulia, na yalimhusu dada yake.

Sudi alilelewa na dada yake Mwatumu. Mama yao alifariki Sudi akiwa hajaota meno ya mbele, na Mwatumu, mwenyewe msichana tu, akamfunga mgongoni akawa anachoma vitumbua huku anambembeleza. Wachumba walikuja wakaona mtoto mgongoni, wakarudi walikotoka. Alimsomesha kwa vitumbua, akamwoza kwa vitumbua, na hata alipokuwa mheshimiwa na gari lake, Sudi akipita bila kula kitumbua cha dada alihisi kama hajatoka nyumbani. Siku za ukaguzi Mwatumu ndiye aliyekuwa akiwekwa mbele ya mstari wa kina mama, kwa sababu ana uso wa furaha na wageni walipenda kuanza na uso wa furaha.

Siku hiyo Sudi hakumpa hata shikamoo. Mwenyekiti akiwa kazini hamwamkii mwananchi, ndivyo itifaki inavyosema, na itifaki aliitunga yeye. Alimwuliza habari za afya. Mwatumu akasema, "Salama, mdogo wangu. Lakini…" Mkono wake wa kulia ukawa unapanda taratibu kuelekea kwapa la kushoto, chini ya khanga.

Sudi aliuona ule mkono. Hapo ndipo penye kisa chote, na yeye mwenyewe baadaye hakuweza kujidanganya. Aliuona, na akajua dada yake hajapata kumwita mdogo wangu mbele za watu bila sababu. Lakini wageni walikuwa pembeni, chai ilikuwa inamiminwa, na kidole chake kilishakuwa juu ya kengele. Ting. Mwatumu akashusha mkono, akatabasamu, akapita. Alikuwa mtu wa adabu.

Mwaka ukaenda. Sudi alikula vitumbua kama kawaida, ila aliona vimekuwa vidogo. Aliona pia dada anainua sufuria kwa mkono mmoja. Hakuuliza. Si kwamba hakutaka kujua. Alikuwa anaogopa kwamba tayari anajua.

Mkewe ndiye aliyemtoa huko. Alirudi kutoka kwa wifi yake mchana mmoja, akavua viatu mlangoni, akamwambia mumewe bila salama wala nini, jambo ambalo katika nchi ile ni kama kummwagia mtu maji usoni: "Wifi ana kivimbe kwenye titi. Anacho tangu mwaka jana. Alitaka kukwambia, ukampigia kengele."

Sudi alikuwa anakula. Akalirudisha tonge sahanini, akanawa. Tangu hapo wahenga wanaposema majuto ni mjukuu, huja baadaye, Sudi angeweza kuwaeleza kwamba wa kwake alikuja na mkeka wake, akahamia moja kwa moja. Kengele ya shule ikilia, anashtuka. Muuza barafu akipita na baiskeli yake, ting ting, Mheshimiwa anafunga dirisha.

Alikwenda kwa dada yake siku ile ile. Akaamkia vizuri, akakaa kwenye kibao, akauliza habari za afya. Mwatumu akasema salama, kisha akageuza kitumbua kilichokuwa kwenye chuma. Sudi akasubiri lile neno la pili. Halikuja. Akasubiri tena, mafuta yakichemka, akaishia kuliomba mwenyewe.

"Lakini nini, dada?"

"Hakuna lakini," akasema Mwatumu, bila hasira hata kidogo. "Mlituzoesha hivyo, na tumezoea. Kula, vitapoa."

Alikula. Hakuwa na namna. Alikula vitumbua vya mtu aliyemkosea, na vilikuwa vitamu vile vile, na hilo lilimuumiza kuliko kama angefukuzwa.

Kesho yake akaenda kituoni kwa Daktari Lugendo. Wauguzi walipoliona gari walijipanga wakaimba wimbo wa mapokezi, beti zote, na yeye akasimama pale anatoka jasho akisubiri wamalize. Akamwomba daktari afungue mashine ampime dada yake. Daktari Lugendo aliinamisha kichwa kwa heshima akamkumbusha utaratibu. Mashine haifunguliwi isipokuwa kwa mtu asiye salama. Asiye salama ni yule ambaye kamati imemsikia hivyo hadharani, siku ya ukaguzi. Dada wa Mheshimiwa alisikika mwaka jana, na alikuwa salama. Sudi akataka kujua kama anaweza kumpeleka hospitali kuu ya mjini. Daktari akasikitika zaidi, maana hospitali kuu haimpokei mgonjwa kutoka wilaya ambayo Kombe linasema haina wagonjwa.

"Nani alitunga mambo haya?" Sudi akauliza. Daktari akaangalia ukuta wa nje, kwenye ile picha ya kamati. Alikuwa mtu wa adabu naye.

Alipotoka hapo miguu yenyewe ikampeleka Chumba cha Faraja. Alipita katikati ya mahema, akaondoa kiti cha plastiki juu ya vingine, akaketi mbele ya Bi Koleta. Yule mama aliacha kufuma. Aliuliza, kwa sauti aliyofundishwa chuoni akaitunza miaka yote hiyo, habari za moyo wa Mheshimiwa.

"Salama," akasema Sudi. "Lakini…"

Ting.

Wakatazamana. Bi Koleta aliushika mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaomba radhi, akasema ni mazoea. Akamwomba arudie. Sudi akarudia, na hakuweza kuanza pengine ila kwenye salama, maana ulimi wa mtu wa nchi ile haujui njia nyingine, na mkono ukapiga tena. Mara ya tatu Bi Koleta akaichukua kengele akaikalia.

Hapo Sudi akasema yote. Alisema habari ya mkono uliokuwa unapanda, na chai iliyokuwa inamiminwa. Alisema kwamba mgongo uliombeba ndio alioupa kisogo. Akalia, mtu mzima na nishani yake kifuani. Bi Koleta naye akalia, nusu kwa huruma na nusu kwa furaha, kwa sababu ndiye mteja wake wa kwanza. Walipotulia alimwuliza anadhani afanye nini. Sudi akasema hajui. Bi Koleta akakiri kwamba naye hajui, vitabu vyake vilishaliwa na mchwa, lakini akamwomba sana arudi tena wiki ijayo.

Siku ya ukaguzi na kukabidhiwa Kombe ikafika. Alikuja Waziri wa Afya Njema mwenyewe, na bendi, na mahema yakatolewa Chumba cha Faraja. Waziri alitoa hotuba ndefu. Alisema kwamba nchi jirani zinahangaika na madawa na madaktari, wakati Salama imegundua kinga isiyo na gharama, nayo ni majibu mazuri. Alisema afya ya akili ni suala la akili, na mtu mwenye akili hawezi kumwambia Waziri kwamba ana huzuni. Wananchi wakapiga makofi pale walipoonyeshwa wapige.

Kisha kina mama wakapangwa, Mwatumu mbele na khanga mpya. Kila mtu alikuwa anatabasamu. Sudi alikuwa mezani na kengele mbele yake. Usiku kucha alikuwa amejiapiza atafanya jambo la maana sana, atasimama, atapasua meza, atamkana Waziri. Sasa hakupasua kitu. Alichoweza kufanya kilikuwa kidogo kuliko vyote: alisimama mbele ya dada yake, na kwanza akamwamkia.

"Shikamoo, dada."

Waziri alimtazama katibu wake. Mwatumu aliitika marahaba, polepole, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka zamani. Sudi akamwuliza habari za afya.

"Salama," akasema Mwatumu.

Sudi hakupiga kengele. Aliweka mikono nyuma, akasubiri. Kimya kikaingia uwanjani. Wajumbe wakamkonyeza. Mwenye bendi, akidhani hiyo ndiyo ishara yake, akapuliza tarumbeta kidogo akaona aibu, akaacha. Waziri akakohoa kikohozi cha kiserikali. Mwatumu alimtazama mdogo wake usoni, akaangalia kengele, akaangalia mikono ilikofichwa. Sudi aliendelea kusubiri.

"Lakini nina kivimbe, mdogo wangu," akasema Mwatumu. "Nilikuwa nacho mwaka jana pia."

Mama wa pili kwenye mstari hakungoja aulizwe. Alisema salama, lakini anatokwa damu na haikomi. Wa tatu alisema salama, lakini tangu mtoto wake azame mtoni halali, na akilala anaamka anamwita. Halafu hapakuwa na mstari tena. Zilitoka lakini za miaka mingi, za kina mama, za wanaume waliokuwa wamekaa nyuma wakijifanya wanaangalia bendi, hata mpiga tarumbeta alisema anayo ya kwake. Mjumbe mmoja wa kamati alidaka kengele akawa anaipiga ting ting ting, hakuna aliyesikia. Waziri akatolewa kwa mlango wa nyuma, na kombe lake kwapani.

Nailoni ilivuliwa siku hiyo hiyo, maana sasa walikuwepo watu wasio salama, tena kwa kusikika hadharani, na Daktari Lugendo hakuwa na pa kujificha. Aliivua huku analengwalengwa na machozi, akifuta kila alipogusa. Friji ikachomolewa. Taarifa ya serikali ilikuja kusema kwamba madhara makubwa ya siku ile yalikuwa wageni kunywa soda za moto.

Kisha ikaundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Lakini. Tume ilifanya kazi kwa umakini mkubwa. Iligundua kwamba kabla ya siku ile Kitulizo haikuwa na saratani hata moja wala mtu mmoja mwenye huzuni, na baada ya siku ile ilikuwa navyo tele. Kilichobadilika kilikuwa kitu kimoja tu, kwamba mwenyekiti hakupiga kengele. Basi Tume ikathibitisha kisayansi kwamba saratani huletwa na mwenyekiti akinyamaza. Sudi akavuliwa uenyekiti, na ile nishani ya sikio ikarudishwa serikalini.

Watu walimshauri akate rufaa. Alikataa. Mambo yote Tume ilikosea, alimwambia mkewe, isipokuwa mtuhumiwa.

Mwatumu alipokewa hospitali kuu, kwa kuwa kombe halikuwepo tena kumzuia. Daktari wa huko, kijana asiye na adabu za Kitulizo, alitazama picha za mashine akasema neno bila kuzunguka. Alisema titi litaondolewa, kisha dawa kali, kisha wataona. Akauliza kwa nini hawakuja mwaka jana, wakati kikiwa kama punje ya hindi. Mwatumu akamwambia kulikuwa na shughuli nyingi nyumbani. Sudi alikuwa amesimama pale pale na chupa ya chai mkononi. Alilisikia hilo, dada yake akimfichia, na akatamani asingelisikia.

Huko hospitali alikwenda kila siku ya kuona wagonjwa. Alibeba uji, akafua khanga, akapunga inzi. Alifanya kila kitu isipokuwa kusema, kwa sababu kila akifungua mdomo alikuwa anasikia shaba masikioni. Nywele za Mwatumu zilikuwa zimepukutika zote na sura imebaki macho. Kama atapona au hatapona, hakuna aliyekuwa anajua, hata yule kijana asiye na adabu.

Alasiri moja Sudi aliingia, akaamkia, akaitikiwa. Mwatumu akamwuliza habari za huko atokako.

"Salama," akasema Sudi, akawa anatafuta pa kuweka kopo la uji.

Dada yake hakugeuka, hakufumba macho. Alitulia tu, anamtazama, na Sudi akatambua kwamba anasubiriwa. Wodi ilikuwa na kelele zake, masufuria, mtu anakohoa, muuguzi anacheka na simu. Mwatumu alikuwa anasubiri kama vile hana kazi nyingine duniani. Sudi akaliweka kopo sakafuni.

"Lakini nilikuona, dada," akasema. "Nilikuona unataka kusema, nikakupigia kengele."

Mwatumu alijifunga upya khanga kichwani.

"Niliisikia," akasema. Kisha akasogea kidogo kitandani, taratibu kwa sababu ya kidonda, ili mdogo wake apate pa kukaa.